Seva Yenye Maneno Mengi

Duka la kompyuta la Bi Khyati, karibu na stendi ya Moshi, lilijaa watu Jumamosi ile. Elisifa, gauni la kitenge cha njano na jasho puani, alijipenyeza hadi mbele.

"Shikamoo, mama. Naomba diski kubwa kuliko zote. Seva yetu imejaa tena."

"Marahaba. Ya mwezi jana umeshaimaliza?"

Kijana mrefu kando yake, shati la drafti limenyooshwa vizuri, akacheka. "Dada, mnahifadhi nini humo? Mlima mzima?"

"Maziwa!" Elisifa alitunza kanzidata ya ushirika wa wafugaji. "Lita zenyewe ni chache. Ila seva inaandika kila inachofanya. Nimefungua mlango. Nimefunga mlango. Nimeuona mlango."

"Basi huhitaji diski. Kuna fundi aliwasha dibagi, ile hali ya kuandika kila kitu, ili atafute hitilafu, akasahau kuizima. Shusha ngazi ya uandishi ifike kwenye onyo. Maonyo na makosa yataandikwa, porojo zitakoma."

Aliitwa Kornel, fundi kutoka Kibosho. Alikwenda naye ofisini, akabadilisha mstari mmoja, seva ikatulia. Kabla ya kuondoka aliona kiti cha Elisifa kinayumba, akakikaza bila kuombwa. Moyo wa msichana ukafunguka hapo, na haikupita muda wakawa wapenzi.

Tatizo ni kwamba Kornel naye alikuwa na dibagi yake.

"Mpenzi, nimefika nyumbani," alimwambia kwenye simu.

"Sawa."

Simu ikalia tena. "Malaika, nimevua viatu."

"Kornel!"

"Ng'ombe anakusalimia."

"Niko kazini, baba! Umekuwa kama ile seva. Nipigie kukiwa na la maana."

Jioni hiyohiyo seva ilikuwa ikionya, kwa mara ya hamsini, kuhusu mizani ya kituo cha maziwa cha Shirimatunda. Kwa hasira, Elisifa akaishusha ngazi kabisa, iandike pale tu inapokufa. Asubuhi alikuwa ameshasahau.

Mizani ikaharibika kweli. Kwa siku nne seva ilizikataa lita za Shirimatunda, na kosa halikuandikwa popote. Wafugaji wakaja juu. Meneja, Mama Justina, akauliza ni nani aliyeinyamazisha seva.

"Ni Kornel," Elisifa akasema, na aliamini hivyo.

Kornel akaitwa. Alilifungua faili la mipangilio ya seva, akausoma ule mstari hadi mwisho, kisha akasema, "Nisameheni, mama." Akairudisha ngazi mahali pake, akakaa siku mbili akiingiza lita zote upya kutoka vitabu vya wapimaji. Akaenda zake.

Hakupiga simu. Wiki ya kwanza Elisifa alishukuru kwa utulivu. Ya pili aliitikisa simu akidhani imeharibika. Ya tatu alilifungua faili lile, akauona mstari wa zamani, na kando yake tarehe na jina la aliyeubadilisha. Lilikuwa jina lake mwenyewe. Kornel alikuwa ameliona, akanyamaza.

Kwanza alikwenda kwa Mama Justina, akasema ukweli. Kisha akapiga simu.

"Uko wapi?"

"Nyumbani." Hakuongeza neno.

Alipanda Kibosho na jani la sale mkononi. Wachagga wanajua: ukiletewa jani hilo, unasamehe. Alimkuta akimkatia ng'ombe migomba.

"Nilisema upunguze, Kornel! Sikusema uzime!"

"Ulisema nipige kukiwa na la maana. Nilingoja."

"Na lile kosa? Kwa nini ulilibeba?"

"Ungelia mbele ya wafugaji."

Elisifa akamnyooshea jani. Kornel aliweka panga chini, akanawa mikono kwenye ndoo, akalipokea kwa mikono miwili.

"Sasa nina moja la maana," akasema. "Wazee wetu waje kwenu?"

"Waje."

"Watakuja Jumamosi. Au Jumapili, baada ya ibada. Baba atavaa lile koti lake, nalo halina kifungo, ngoja nikuambie kilivyopotea. Huyu ng'ombe hapa…"

Elisifa aligeuza ndoo, akaikalia, akamwacha aseme.