Ukucha wa Lokwang

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Awoi alifagia uwanja wa nyumba yao mtaani Kanamkemer, mjini Lodwar, kisha akamwekea mbwa wake maji kwenye sufuria kuukuu. Mbwa huyo mweupe aliitwa Lokwang.

Jumamosi moja Lokwang alirudi akichechemea. Ukucha wake wa juu, ule usiogusa ardhi, upande wa ndani wa mguu wa mbele, ulikuwa umenaswa kwenye ua wa miti ya miiba ya mathenge ukapasuka ncha.

"Ukate," alisema Akoru, rafiki yake wa jirani. "Hauna kazi. Kwani anaushikia ugali?"

"Mama amesema nisimguse mpaka daktari wa mifugo aje."

"Weh! Babu yako huko Lokiriama hukata mbuzi masikio kuweka alama. Huwa anaita daktari? Mbuzi analia mee, basi, anaenda kula. Ama unaogopa?"

Awoi hakupenda kuitwa mwoga. Alichukua wembe wa mamake, na Akoru akamshika mbwa shingo. Wembe ulipogusa tu, Lokwang aligeuka akamuuma Awoi mkononi, kisha akakimbilia nyuma ya tangi la maji. Damu ilimtoka karibu na kidole gumba.

"Usiseme!" Akoru alinong'ona. "Mbwa akiuma mtu hapa, anapigwa rungu. Ukisema, umemuua wewe."

Awoi akakwama. Akisema, Lokwang atauawa. Asiposema, je? Mwalimu alikuwa amewafundisha kwamba kichaa cha mbwa kikishaanza kumsumbua mtu, hakitibiki, na hata kumeza maji humshinda. Alifunga mkono kwa kitambaa, akavaa sweta ya shule juu yake. Watoto wangu, sweta, katika joto la Lodwar, saa sita mchana!

Aliketi kivulini na kikombe cha maji. Akanywa funda moja. Likapita. Akangoja, akanywa jingine. Hakuna aliyemfungia mlango, lakini hakuwa na pa kwenda.

"Awoi! Njoo unibebee mtungi," mama aliita.

Awoi alijaribu kuuinua kwa mkono mmoja.

"Na hiyo sweta? Una homa?"

"Nasikia baridi, mama."

"Baridi ya wapi, Lodwar hii? Vua!"

Kitambaa kilikuwa kimelowa damu. Awoi aliangua kilio. "Mama, usimuue Lokwang! Ni mimi nilimkata."

Mama hakutafuta kiboko. Alisugua jeraha kwa sabuni huku akilimwagia maji, muda mrefu, mpaka mtungi wote ukaisha. Kisha wakapanda boda boda hadi hospitalini. Awoi alichomwa sindano ya kuzuia kichaa cha mbwa, akaambiwa siku za kurudi kwa nyingine.

Kesho yake Cheruiyot, daktari wa mifugo, alifika, akasimuliwa yote. "Mbwa amechanjwa?"

Mama aliinamisha kichwa. "Bado, daktari."

"Basi afungwe, nimwangalie. Tukimuua leo, hatutajua vizuri kama alikuwa mgonjwa." Akaushika ule mguu taratibu. "Na ukucha huu una mfupa na mishipa ndani. Humsaidia kushika kitu anapotafuna. Ukiwa imara, tunauacha, tunapunguza ncha tu. Ukining'inia, mimi ndiye huukata, baada ya sindano ya ganzi. Si wembe wa nyumbani."

Akapunguza pale palipopasuka, akafunga bendeji. Lokwang aliangaliwa mpaka daktari akaridhika kuwa ni mzima, ndipo akachanjwa. Awoi naye alimaliza sindano zake zote.

Siku ya sindano ya mwisho, mama aliwaita Awoi na Akoru.

"Mkiumwa na mbwa, hata awe wenu, hata kosa liwe lenu, osheni kwa sabuni na maji mengi, halafu mje mseme papo hapo. Msingoje. Jeraha la mbwa halifichwi."

"Tuliogopa Lokwang atauawa," Akoru alisema, macho chini.

"Mbwa ningetafuta mwingine," mama alisema, akimvuta Awoi karibu. "Awoi mwingine ningemtoa wapi?"