Mashine ya Rehemah Yagoma

Rehemah wa Lubaga hushona kanzu. Hapa Kampala, mwanaume haendi kwenye kwanjula bila kanzu. Hiyo ndiyo siku ya kujitambulisha ukweni. Ukija na shati tu, utabaki getini na aibu yako.

Jumatano moja alikuwa na kanzu kumi na mbili za upande wa bwana harusi. Zilibaki nakshi za shingoni tu. Mashine yake mpya ya kudarizi hupokea michoro kutoka kwenye simu. Akabonyeza simu. Mashine kimya. Simu ikaandika: "Mwezi umeisha. Lipa uendelee."

"Si nimekulipa juzi tu, wewe!" Rehemah akaifokea.

Mumewe Kamis, askari polisi, akacheka. "Unagombana na simu? Lipa kama unavyolipa Yaka."

Kweli, ndivyo alivyofanya miezi minne. Umeme wa Yaka ukiisha, unalipa, taa zinawaka. Alidhani mashine nayo iko hivyo. Lakini safari hii hela yote iliishia kwenye vitambaa, na kwanjula ni Jumamosi.

"Umeme unaisha kwa sababu nimeutumia," Rehemah akasema. "Hii mashine nimeimalizia nini? Uzi wangu, jasho langu! Halafu, imejuaje kwamba mwezi umeisha?"

Kamis akachukua simu yake. Akamwita jirani yao Otema, fundi wa kompyuta kule Wandegeya.

Otema hakugusa mashine. "Mama Latifah," akamuuliza Rehemah, "kitabu chake cha maelezo kiko wapi?"

"Kiko ndani ya boksi, chini ya kitanda. Sijakifungua, kisichafuke."

"Bambi, maskini!" Otema alicheka mpaka akashika ukuta.

Akasoma kurasa mbili. Kisha akazima simu. "Sasa washa mashine peke yake."

"Itakubali?"

"Tujaribu tuone."

Akamwonyesha kitufe cha pembeni. Michoro yote aliyowahi kudarizi ikajipanga kwenye kioo cha mashine, na ile ya shingo ya kanzu ikiwemo. Rehemah akaichagua. Sindano ikaanza kazi.

"Ala! Kumbe ilikuwa nayo humu humu!" Alifurahi, na hasira zikampanda vilevile.

"Mashine ni yako," Otema akasema. "Unacholipia ni programu ya simu inayotengeneza michoro mipya. Siku ya kwanza ulibonyeza 'Nakubali'?"

"Nilibonyeza. Nani ana muda wa kusoma maandishi yote yale?"

"Hapo ndipo uliponaswa. Ukitaka mchoro mpya, ziko programu za bure kwenye kompyuta. Unauweka kwenye flashi, unaichomeka hapa. Lakini angalia, vifaa vingine bila malipo ya kila mwezi havifanyi kazi kabisa. Kwa hiyo uliza kabla ya kununua."

Jumamosi wanaume kumi na wawili waliingia getini kwa vigelegele.

Wiki iliyofuata Kamis alitaka kununua kamera ya ulinzi, akaenda dukani na Rehemah. Muuzaji mmoja wa Nakasero akaisifu moja mpaka akakaukiwa na mate. Rehemah akamkatiza.

"Ssebo, bwana wangu, nikishainunua, nisipolipa tena, itakataa kufanya nini?"

Muuzaji akakohoa. "Nnyabo, mama yangu, itarekodi. Ila kuziona picha, unalipia kila mwezi."

"Yaani picha za mlango wangu mwenyewe?"

"Iko hii nyingine," muuzaji akasema kwa sauti ndogo. "Picha zinakaa kwenye kadi yake. Ukishanunua, hulipi tena."

"Mbona hukuanza na hiyo?"

"Hakuna aliyewahi kuniuliza, nnyabo."