Karibu Tatu za Mitchell

Kitambaa cha kochi kilikuwa kimebonyea. Jentrix akakinyoosha, akageuka kuepua mandazi, na aliporudi kimebonyea tena: makalio mawili kamili, wala si madogo.

"Trizah, nani amekaa hapa?"

"Mgeni," akajibu bintiye wa miaka mitano. "Si ulimkaribisha wewe?"

Jentrix hakuwa amekaribisha mtu. Ila Jumatatu, Mitchell, msichana aliyetoka Juja na kamera kupiga filamu ya maisha ya kila siku ya mtaa wao wa Mwihoko, alimsimamisha mlangoni. "Mama Trizah, sema karibu, kama kuna mtu anaingia." Akasema. "Tena, na tabasamu." Akasema. "Ya mwisho!" Karibu tatu, mlango wazi, na nje hakuna hata kuku.

Kufikia Alhamisi nyumba ilinuka gunia lililolowa, chai ilipungua kikombeni bila mnywaji, na Trizah, ambaye hata usingizini hakujua kunyamaza, alikaa kando ya kile kibonyeo akinong'ona, akicheka peke yake, mpaka mchana akainua uso na kusema, kwa sauti nzito ya mzee aliyevuta sigara miaka arobaini, kwamba mgeni anaondoka kesho na hataki kwenda peke yake.

Jentrix akampigia Mitchell. "Kuja na kamera. Sasa hivi."

Mitchell alifika, akasikia kochi likilia kriii bila mtu, akarudi nyuma. "Mama, si tuite pasta?" akanong'ona.

"Kwani ni pasta alimkaribisha? Aliingia mbele ya kamera, atatoka mbele ya kamera. Washa!"

Jentrix akamfunga Trizah mgongoni kwa leso. Akaligeukia kochi.

"Mgeni! Umekula, umekunywa, umelalia kitambaa nilichofuma kwa mikono yangu. Kwetu mgeni husindikizwa. Inuka!"

Kitambaa kikanyooka.

Wakaenda hadi getini, nyayo zikiburutwa nyuma yake, ile harufu ikimpumulia shingoni. Karibu zilikuwa tatu, basi akatoa kwaheri tatu, ya mwisho kwa tabasamu. Akabamiza geti.

"Mama, nataka mandazi," akasema Trizah, kwa sauti yake mwenyewe.

Jentrix akacheka mpaka akakaa chini. Kisha Mitchell akarudisha picha nyuma, wakainamia kioo cha kamera. Baada ya kwaheri ya tatu, sauti nzito ilisema, karibu kabisa na kipaza sauti: "Asante, mama. Na huyu wa kamera, anaishi wapi?"

Mitchell akafungua mdomo. Jentrix akauziba kwa kiganja.

"Kuanzia leo," akasema, "mtu akibisha kwako, wewe hupo."