Hitima ya Kashata

Kila alfajiri kijijini Chundwa, kabla adhana haijamalizika, mlango wa Bwana Abdulwahid uligongwa. Du! Du! Du! Mgeni angeruka kitandani akidhani pameletwa habari ya msiba. Wenyeji hawakujisumbua hata kugeuka ubavu. Walijua ni Kashata, punda jike wa rangi ya majivu, anagonga kwa kichwa akidai pumba zake.

"Israa, mwanao ana njaa," Bakr alikuwa akimwambia dadake huku amejifunika shuka.

"Mwanangu ana adabu kukushinda. Yeye hupiga hodi," Israa alimjibu, akatoka na karai la pumba.

Wala haikuwa dhihaka tupu. Mamake Kashata alikufa siku aliyomzaa, na Israa, wakati huo akiwa na miaka tisa, alimnywesha yule yatima maziwa ya mbuzi kwa chupa ya soda. Watu walisema hafiki Ijumaa. Akafika, akapita, akakua. Sasa Israa alikuwa na miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa Gredi ya Sita, na Kashata alimsindikiza mpaka langoni mwa shule, akakataa kurudi mpaka asukumwe matako.

Kila alasiri, akitoka chuoni kusoma Kurani, Israa alikata majani, akamfunga Kashata kibandani kwa kamba ndefu iliyofika mpaka mlangoni, akamlisha. Wenzake walimcheka. Kisiwani Pate punda akishatua mzigo wake wa nazi huachiwa akajitafutie, na jioni utawakuta wote wamejazana jaani, nyuma ya nyumba za mwisho, wanafukua takataka. Ndivyo walivyofanya mababu, eti. Lakini jaa la mababu halikuwa na nailoni, na hilo watu hawapendi kulikumbuka.

Jumanne moja palikuwa na harusi jirani, na wanawake walikuwa wanamtia bibi harusi hina. Israa hakutaka kupitwa. Alimfungua Kashata kamba, akampiga kofi dogo shingoni.

"Leo nenda na wenzako. Mimi nina shughuli."

Asubuhi yake mlango haukugongwa.

Israa alitoka mbio. Alimkuta Kashata amerudi mwenyewe, amelala kibandani, tumbo limevimba, jasho linamtiririka, anageuza kichwa kujing'ata ubavuni. Baba alipomwona alishika simu, akampigia daktari wa mifugo aliyeko mjini Amu, akaiweka kwa sauti ili wote wasikie.

"Jana alikula wapi?" aliuliza daktari.

"Anayejua ni binti yangu. Israa, alikula wapi?"

"Jaani," alisema.

"Basi amemeza nailoni, imemziba matumbo. Mtembezeni, msimwache alale. Mimi natafuta boti nije nishukie bandarini Mtangawanda."

Wakamtembeza. Israa alimvuta kwa mbele, Baba na Bakr wakamsukuma kwa nyuma. Walizunguka kiwanja mpaka miguu yake ikakataa. Kashata alianguka, akaweka kichwa juu ya miguu ya Israa, akapumua kwa nguvu, kisha pole pole, kisha basi. Daktari alikuwa bado baharini.

Wanaume walimfunga kamba miguuni wakamburuta kwenda kumfukia nje ya kijiji. Israa aliwafuata akipiga kelele, "Msimburute! Jamani, msimburute hivyo!" Baba alimshika bega.

"Nyamaza. Watu wanatutazama. Ni punda tu, mwanangu. Mungu akijaalia tutapata mwingine."

Israa akanyamaza. Lakini ndani alikuwa anajiambia jambo moja tu, tena na tena: nimemuua mimi. Kwa ajili ya hina.

Hakuna aliyekuja kumwambia pole. Mwaka uliotangulia, bibi yake alipofariki, nyumba ilifurika watu. Walimpa Mama mkono wa taazia, walileta vyakula, na siku ya tatu wakasoma hitima. Israa aliona kwa macho yake jinsi Mama, aliyekuwa hawezi hata kusimama, alivyoanza kupata nguvu. Msichana akawaza na kuwazua. Siku ya tatu ya kifo cha Kashata alitwaa mkeka wa Mama, akautandika kibandani, akaweka birika la kahawa na sahani ya tende. Akawaita rafiki zake wawili, Sundus na Umi. Wakajifunga mitandio vizuri, wakafungua misahafu, wakaanza kusoma.

Bi Saadiya, jirani yao, alikuwa anatafuta kuku wake. Akachungulia.

"Haya, wanangu, nani kafariki?"

"Kashata," alijibu Israa.

"Kashata yupi?" Kisha akatambua, akashika kichwa. "Astaghfirullahi! Hitima ya punda! Njooni muone maajabu! Abdulwahid, mwanao kaharibikiwa!"

Sundus na Umi walitimua mbio, kiatu kimoja kikabaki. Bi Saadiya hakuwa mtu mbaya, ila mdomo wake haukuwa na mlango. Kabla ya magharibi habari ilikuwa imefika mpaka kijiji cha Mbwajumali. Wanaume barazani walicheka mpaka wakajishika mbavu. Baba alirudi nyumbani uso umemwiva.

"Umenifanya nisiweze kupita ndiani," alimwambia Israa. "Ndia nzima wananiuliza matanga ya punda yanaisha lini!"

Shuleni ilikuwa balaa zaidi. Israa alipoingia darasani, wavulana wa nyuma walilia kama punda. Mmoja alimpa jina: Mfiwa. "Mfiwa, futa ubao! Mfiwa, pole kwa kufiwa na mwanao!" Alirudi nyumbani kabla ya mapumziko, akajifungia kibandani, na siku zilizofuata hakwenda shule.

Akaacha kula. Mama alimpikia mkate wa mofa aupendao, akausukuma pembeni. Alimpikia uji, ukaganda kikombeni. Alikaa juu ya majani makavu aliyoyakata mwenyewe, ameikumbatia ile kamba, usingizi hauji, machozi yamekwisha. Hakujibu akiulizwa. Mara moja tu Mama alimsikia akisema peke yake, "Bora ningekufa mimi." Alimpeleka zahanati, muuguzi akampima kila kitu, hakuona maradhi.

"Basi mimi nifanye nini?" Mama alimlilia mumewe. "Mtoto anakwisha hivi hivi naona!"

"Atasahau," alisema Baba, lakini hakumtazama machoni.

Mama hakungoja asahau. Alivaa buibui lake akaenda shuleni kwa Ustadha Lubna, mwalimu wa somo la Dini, ambaye pia ndiye aliyekuwa mwalimu wa ushauri nasaha. Alikuwa kijana kutoka Amu, mgeni bado kisiwani, na watu wengi walidhani ushauri nasaha ni jina jingine la kuchapwa.

Israa naye alidhani hivyo. Alipomwona Ustadha ameinama kuingia kibandani alijikunyata ukutani. Amekuja kuniadhibu kwa ile hitima, aliwaza.

Ustadha aliketi chini, majani yakashika buibui lake jeusi. Akanyoosha mkono.

"Israa, nimekuja kukupa taazia. Nimechelewa, nisamehe. Pole sana kwa Kashata."

Israa aliutazama ule mkono. Akaushika. Kilio kilichomtoka kilimshtua hata Mama aliyekuwa nje. Ustadha hakumwambia nyamaza. Alimwacha alie mpaka kwikwi zikapungua, bila kuutoa mkono wake.

"Watu wanasema ni punda tu," Israa alisema mwishowe.

"Kulikuwa na mtoto mdogo zama za Mtume wetu, sala na amani zimshukie. Kidege chake kilikufa. Mtume alimwona amehuzunika, akakaa naye, akamuuliza habari za kile kidege. Hakusema ni kidege tu. Sasa mimi ni nani niseme ni punda tu?"

Israa alifuta pua kwa ncha ya mtandio. "Na hitima? Nimepata dhambi?"

"Hukujua. Hitima tunawasomea watu, tunawaombea maghufira kwa makosa yao. Kashata alikosa nini?"

"Alikula mkeka wa Mama mara mbili."

Ustadha alicheka, na Israa, masikini, midomo ikamcheza kidogo. Kisha uso ukamvunjika tena.

"Nimemuua mimi, Ustadha! Kila siku nilimfunga. Siku ile nilitaka kuona hina, nikamwachia. Mimi ndiye niliyemwachia!"

Nje ya kibanda nyayo zilisimama. Baba alikuwa amerudi kutoka shambani, na maneno yale yalimkuta na mundu mkononi.

Ustadha alifikiri kabla ya kujibu. "Ulimwachia, ni kweli, sitakudanganya. Lakini hukutaka afe. Kumwachia punda na kumuua ni mambo mawili, Israa. Wewe unajibebesha la pili. Mzigo huo umeubeba na nani?"

"Peke yangu."

"Ndiyo maana umekushinda. Kila Jumatano njoo ofisini kwangu tuzungumze. Ukitaka kulia utalia, ukitaka kunyamaza utanyamaza. Na ukiona moyo unakwambia bora ufe, usingoje Jumatano. Mwambie Mama papo hapo, au Baba, au nitumie mimi mtu. Umenielewa?"

"Baba hataki kusikia."

Baba aliweka mundu chini, akaingia. Kibanda kilikuwa kidogo, ikabidi apige magoti.

"Nimesikia," alisema kwa sauti ya mafua. "Mwanangu, mimi ndiye niliyemfunga ile kamba miguuni, na mimi ndiye niliyemchukua kutoka kwa mamake siku aliyozaliwa. Uliponililia nilikunyamazisha kwa sababu mwenyewe nilikuwa karibu kulia mbele za watu. Niliogopa kuchekwa, nikakuacha uchekwe wewe." Akanyoosha mkono wake mgumu wa ukulima. "Pole, mama. Pole sana."

Israa aliuacha mkono, akamwangukia kifuani.

Jioni ile Baba alikwenda barazani. Kama kawaida mmoja alianza, "Bwana Abdulwahid, matanga yanaisha lini?"

"Yanaanza leo," alijibu Baba. "Mwanangu amefiwa na mnyama aliyemlea kwa mikono yake, na hali chakula tangu juzi na juzi ile. Anayetaka kumcheka, kwanza aje ampe mkono. Na mkishampa, tuzungumzie lile jaa. Kila mmoja wetu hapa ana punda, na wote sasa hivi wako kule wanakula nailoni."

Watu walitazamana. Hakuna aliyecheka.

Wa kwanza kupiga hodi alikuwa Bi Saadiya. Amebeba sahani iliyofunikwa kawa, na safari hii mdomo wake mzito.

"Israa, mwanangu, msiba ukiingia kwa jirani mtu hupika. Mimi badala ya kupika nilipiga mdomo. Niwie radhi." Akafunua kawa. Ulikuwa wali wa nazi na samaki wa kupaka, mvuke unapaa. "Hiki ni cha mfiwa. Si cha mwengine."

Neno mfiwa halikumchoma Israa mara hii. Alinawa. Alichukua tonge dogo, akalitafuna muda mrefu huku machozi yanamtoka, akalimeza. Akachukua la pili. Mama alijifanya anatafuta kitu nyuma ya mlango ili afute macho.

"Nibakishie basi," alisema Bakr.

"Umefiwa wewe?" Bi Saadiya alimkaripia. Bakr akainamisha kichwa. "Nami nilimsukuma siku ile," alisema taratibu. Israa akamsogezea sahani.

Wiki ile wenye punda walilizungushia jaa ua wa makuti na miti. Israa alirudi shule, na Jumatano alikwenda ofisini kwa Ustadha Lubna, na Jumatano iliyofuata pia. Siku nyingine alizungumza, siku nyingine alilia tu. Wale wavulana wa nyuma waliitwa mmoja mmoja, na sauti za punda zikakoma.

"Sikuambii utamsahau," Ustadha alimwambia siku moja akimfungulia mlango. "Huzuni ya kupenda si aibu, na wala haina kipimo cha mtu au mnyama. Aibu ni kumwacha mwenzako aibebe peke yake. Na wewe ukizidiwa, sema. Anayeficha kidonda hawezi kutibiwa."

Alfajiri iliyofuata Israa aliamka kwa mazoea, akasikiliza. Mlango ulikuwa kimya. Maumivu yalimrudia yote kwa pamoja, akajikunja chini ya shuka. Kisha akakumbuka. Aliinuka, akaenda alikokuwa Baba akitia udhu.

"Baba, leo nimeamka vibaya."

Baba aliweka kata ya maji chini, akamsogezea kibao. "Kaa hapa, mama. Niambie."

Israa akakaa, akaanza kumwambia.