Kaseti ya Mama Roselyn

Jua lilikuwa limekaribia kugusa maji niliposhuka kwenye bodaboda pale Kendu Bay, nikiwa na begi la mitambo mgongoni.

Ilikuwa kazi ndogo tu. Nichukue kaseti, nihakikishe bado inacheza, nirudi Migori. Cephas alikuwa amenipigia asubuhi akisema ana homa. "Nenda wewe, Lorine. Huyo mama anakungoja."

Mimi na Cephas tulikuwa na podkasti. Tulisimulia historia ya bendi za benga za huku kwetu: nani alimfundisha nani gitaa, nani alimnyang'anya nani mwimbaji, kwa nini bendi iliyojaza kumbi zote za Homa Bay ilisambaratika ghafla. Tulirekodi chumbani kwangu, tumetundika mablanketi ukutani ili kelele za malori zisiingie. Yeye aliuliza, mimi nikasimulia. Na kila mara, kabla ya kuanza, alijaribu mitambo kwa maneno yaleyale.

"Lorine, uko?"

"Niko."

Nilikuwa nimezoea hata ningeweza kujibu usingizini. Mama yangu alipolazwa, Cephas ndiye aliyelala sakafuni kando ya kitanda chake ili mimi nipumzike. Nataka mjue nilimwamini kiasi gani.

Kipindi tulichokuwa tunaandaa kilimhusu Aloys Omondi, mwimbaji aliyezama ziwani kabla sijazaliwa. Mwili wake haukupatikana. Santuri yake ya mwisho ndiyo iliyompa jina, na mwandishi mmoja wa muziki aliandika gazetini wakati huo kwamba sauti ya Omondi mle ndani ni kama inatoka chini ya maji. Watu walimkasirikia. Kisha wapiga gitaa wenyewe wakaanza kunong'ona kwamba wimbo ule ulirekodiwa baada ya Omondi kuzama. Studio ilisema tarehe zilikosewa. Basi, ikaishia hapo.

Mama Roselyn, mjane wake, alikuwa amesimama mlangoni. Mwembamba, kitambaa cheupe kichwani, kama mtu anayetoka kanisani.

"Karibu, nyara. Karibu, mwanangu."

Alinimiminia chai ya maziwa, akaniwekea mihogo, akanishika mkono akakawia kuuachilia. Nilimpenda papo hapo. Niliwasha kinasa sauti changu, nikakiweka mezani.

"Yule kijana wako hakuja leo?" aliuliza.

"Cephas? Hajawahi kufika hapa, mama."

Alinitazama. Halafu akainama kufunika birika.

"Labda nimechanganya," alisema polepole.

Kaseti ilikuwa tayari ndani ya redio kuukuu, juu ya stuli. Nilitaka kuitoa. Alinizuia kwa kiganja.

"Isikilize hapa kwanza. Ukishaisikia, nenda nayo."

Nikachomeka hedifoni, nikabonyeza.

Gitaa la solo lilianza, likikimbia juu ya besi. Kisha Omondi akaimba. Sijui niseme nini juu ya sauti ile. Ilikuwa nzuri, lakini ilikuwa nzito, kama mtu anayeimba huku amebebeshwa kitu kifuani. Wimbo ukaisha. Nikasikia mwanamume akiita, taratibu, kwa Kijaluo:

"Omondi, uko?"

"Niko hapa," Omondi akajibu.

Kisha... maji. Si mawimbi. Yale mapovu ya chupa unapoizamisha ndooni.

Harufu ikanijia. Tope la ziwa, majani yaliyooza, samaki mbichi. Ndani ya nyumba iliyofungwa madirisha yote. Nilitaka kuvua hedifoni. Mkono ulikuwa umeshafika sikioni kaseti ilipotoa mlio mdogo, ta, kama imerekodiwa juu ya rekodi nyingine.

"Lorine, uko?"

Cephas. Ni yeye kabisa, na kale kakohozi kake ka mwanzo.

Mdomo wangu ukatangulia akili.

"Niko."

Kaseti ikaendelea kuzunguka. Kimya... Halafu kitu kikavuta pumzi, ndefu, yenye maji, ndani ya sikio langu la kushoto.

Niling'oa hedifoni. Huko nje kulikuwa kumechafuka. Watu walikuwa wakipiga sufuria, mabati, madebe, boma hadi boma, kelele zikisogea kutoka ufuoni. Mtoto yeyote wa ziwani anajua maana yake. Nyawawa wanapita. Unapiga chochote kilicho karibu ili pepo wale wasiingie kwako.

Mama Roselyn alikuwa ameketi, mikono mapajani.

"Mama," nilinong'ona, "piga kitu!"

"Hapana, nyara. Leo hapana."

Akainuka, akatengeneza kitambaa chake.

Akafungua mlango.

Upepo ule haukuwa na nguvu. Uliingia kama mgeni anayejua njia. Ulinipitia usoni, baridi, unanuka tope, nikahisi koo langu likibanwa na kuachiliwa, mara moja tu. Nilipotazama chini, sakafu ya saruji ilikuwa na maji. Nyayo za miguu mitupu. Zilitoka mlangoni zikaenda hadi chumba cha kulala, na hazikurudi.

Mama Roselyn alikuwa akilia. Akilia na kutabasamu.

Nilinyakua begi na kinasa sauti, nikakimbia hadi barabarani.

Kesho yake asubuhi nilimkuta Cephas nyumbani kwake Migori. Hakuwa na homa yoyote. Alikuwa amenyoa, amevaa shati safi.

"Ulienda Kendu Bay kabla yangu," nilisema.

Alitazama mlango, akatazama simu yake.

"Ni kipindi tu, Lorine. Nilitaka ushtuke kweli, wasikilizaji waskie. Huyo mama aliniambia vile kiongozi wa bendi alimtoa Omondi kafara ili bendi ipate jina. Nikaona ni stori moto."

"Ukaingiza sauti yako kwenye kaseti."

"Ndiyo."

"Kwa nini ukaita jina langu?"

Alikuwa akikwaruza meza kwa ukucha.

"Huyo mama alisema lazima aitwe mtu anayeniamini," alinong'ona. "Mtu atakayejibu bila kufikiria."

"Na ulidhani ni stori tu?"

"Eeh, stori tu. Mambo ya wazee."

"Basi si ungeita jina la uongo?"

Nilikuwa nikingoja anikasirikie, acheke, aape kwa Mungu. Angalau adanganye vizuri. Hakufanya lolote kati ya hayo.

Niliweka kinasa sauti mezani, nikabonyeza ili asikie alichonitendea. Tulisikia birika. Tulisikia Mama Roselyn akiuliza, akinyamaza, akijibu. Tulisikia madebe. Mahali nilipokuwa nimesema "mama, piga kitu" palikuwa na mapovu ya maji.

Sauti yangu haikuwamo. Hata neno moja.

Nilimtazama Cephas. Hakuwa ameshtuka. Alikuwa anasikiliza kwa makini, kichwa ameinamisha upande, kama fundi anayepima kazi yake.

Hapo ndipo nilipolia.

Sasa ana studio Nairobi. Podkasti yake inasikilizwa hadi ng'ambo, na sijawahi kukanyaga tena mbele ya maikrofoni. Lakini nimo. Namsikia mwanamke mwenye sauti yangu akisimulia bendi nisizozijua, akicheka mzaha wa Cephas kwa kicheko changu. Dada yangu Lynnet, aliyeko Awendo, aliniambia kipindi ni kitamu siku hizi. Nilimtumia ujumbe wa sauti kumweleza ukweli wote. Akaniandikia: "Mbona unanitumia maji?" Siku hizi hata nikiwa mbele yake ananiambia nipaze sauti, ilhali napiga kelele.

Ndiyo maana naandika.

Mwezi uliopita nilirudi Kendu Bay, mchana kweupe. Nilitaka kumwomba Mama Roselyn anieleze jinsi ya kukirudisha kilichochukuliwa. Mlango ulikuwa wazi nusu. Alikuwa amevaa gauni jipya la maua, amesukwa nywele, anaonekana kijana kuliko siku ile. Mezani kulikuwa na vikombe viwili.

Nyuma yake, kwenye kiti, alikaa mwanamume aliyenipa mgongo. Shati lake lilikuwa limeloa na kugandamana na mwili. Maji yalidondoka kutoka kwenye mikono yake, tone, tone, sakafuni. Alikuwa akivumisha wimbo polepole, kama anayejaribu koo baada ya kuugua.

"Mama," nilisema. "Nakuomba. Nilikunywa chai yako."

Alinisikia. Najua alinisikia, kwa sababu macho yake yalijaa machozi na midomo ikamtetemeka.

Mwanamume yule akaacha kuvumisha. Hakugeuka.

"Ni nani huyo mlangoni?" aliuliza.

Mama Roselyn alinitazama machoni.

"Hakuna mtu," alimjibu, akafunga mlango.