Vidonge vya Kulipa

Nyumba ya Bi Mwanakheir, Mkunazini, ilikuwa shwari asubuhi ile ya Mfunguo Pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani, mwishoni mwa 1971. Dawa za kifua kikuu zilimfaa. Alikuwa hakohoi tena damu. Alikaa ukumbini akisuka mkeka wa harusi kwa miyaa, ukindu uliotiwa rangi, na wifi yake Wanu akimenya ndizi.

“Wifi, mkeka huu wa kumpokea bwana harusi au wa kumkimbiza?” Wanu alimtania. “Umetia miyaa myekundu pa kijani.”

“Myekundu ipi?”

Wanu akaacha kumenya. Akamnyanyulia miyaa miwili. “Upi mwekundu?”

“Yote kahawia. Na uso wako nnauona una ukungu katikati. Nyamaza, Wanu. Hospitali wakijua watasema ni dawa, wanizuilie, kifua kirudi, niwaambukize watoto.”

Msomaji, hofu hiyo ilikuwa na msingi. Kosa lilikuwa kuficha maradhi ya macho. Bi Mwanakheir alijitia wanja, akasema ni husda iliyompata machoni, huku akishuka ngazi kwa kupapasa ukuta. Siku moja akammiminia mwanawe chai ya moto mkononi, akidhani anaimimina kikombeni. Wanu hakungoja tena. Alimvisha buibui akampeleka hospitali.

Daktari alimpima macho, kisha akauliza, “Vidonge unavimezaje, Bi Mwanakheir?”

“Kama ulivyoniambia, kila asubuhi. Na juu yake vya kulipa.”

“Vya kulipa?”

“Ramadhani nilifunga, sikuvimeza. Tangu Idi nnalipa: vya leo na vya siku iliyonipita.”

“Saumu hulipwa, bibi. Dawa hailipwi. Katika vidonge hivyo imo dawa ya ethambutol. Ikizidi hudhuru mshipa wa jicho.”

“Ntapofuka?”

“Sijui.”

Daktari aliiondoa dawa hiyo, akampa nyingine ya kifua. Kifua kilipona. Miezi ikapita, nyuso za wanawe zikamrudia. Herufi za msahafu hazikurudi. Husoma sura alizohifadhi, na penye kusahau humwita Wanu.

MAFUNZO

Usiache dawa ya kifua kikuu kwa shauri lako. Ugonjwa utarudi, na utawaambukiza wa nyumbani. Wala usizidishe kufidia uliyoikosa. Anayetumia ethambutol ajipime, jicho moja moja: rangi zikichanganyika au ukungu ukitanda, aende hospitali siku hiyohiyo, daktari ndiye aamue. Na kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama, mgonjwa aulize. Bi Mwanakheir angeweza kumeza vidonge vyake baada ya kufuturu. Hakuuliza, na hakuna aliyemwambia.