Aliyefunika Kahawa

Jumamosi, saa kumi na dakika kumi alasiri, Bibi Ferista na mpangaji wake Ikupa walirudi kutoka msibani kwa jirani yao, marehemu Yonasi, wakakuta mambo mawili. Kahawa iliyoanikwa uani ilikuwa imefunikwa isilowe. Na kufuli la chumba cha Ikupa lilikuwa linaning'inia wazi, ufunguo wa akiba ukiwa bado umechomekwa.

Ikupa alivua viatu mlangoni akaingia mbio. Kompyuta ilikuwa mezani. Godoro halikuguswa. Alifungua sanduku la bati lililokuwa chini ya kitanda, akatoa kanga, akatoa vitabu, kisha akakaa sakafuni.

"Daftari, Bibi. Wamechukua daftari."

Ikupa alikuwa muuguzi kutoka Mbebe, kule Ileje, na alikuwa anamalizia shahada ya uzamili ya unasihi wa afya ya akili kwenye kituo cha chuo kimoja huko Tunduma. Alipanga Vwawa kwa sababu Tunduma vyumba ni ghali na malori hayalali. Katika daftari lile jeusi aliandika maneno ya wanawake kumi na mmoja waliokubali kuzungumza naye habari za majumbani mwao. Jumatatu saa nne asubuhi angesimama mbele ya jopo kutetea tasnifu yake, na jopo lilitaka kuona maandishi ya mkono. Bila hayo wangesema ametunga.

"Hilo la jopo nitalivumilia," Ikupa alisema. "Kila mwanamke nilimpa namba badala ya jina. Lakini ukurasa wa mwisho niliandika namba na majina pamoja. Nilifundishwa nisifanye hivyo, nikafanya. Niliwaahidi hakuna atakayesoma."

Aliomba polisi wasiitwe kwanza, maana daftari likipatikana huko lingepita mikono mingi. Bibi Ferista alikubali kusubiri mpaka Jumapili jioni, si zaidi. Alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo kwa miaka thelathini na mmoja, na alijua jambo likilala siku mbili watu huanza kukumbuka wanachotaka. Alichukua karatasi akaandika saa.

Waliondoka kwenda msibani saa sita mchana. Mvua, ya kwanza mwezi huu wa kumi, ilianza saa tisa kasorobo. Aliiangalia saa yake makaburini wakati watu wanakimbilia turubai. Ilikatika saa tisa na nusu. Ufunguo wa akiba hukaa kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni, na jiko hilo halifungwi. Kila aliyewahi kula pale aliujua.

Kisha alipiga magoti mlangoni kwa Ikupa akaangalia sakafu. Ilikuwa saruji kavu, safi. Uani kulikuwa na tope jekundu linaloganda kwenye viatu.

"Aliingia kabla ya mvua," alisema.

Kwenye ngazi ya jikoni palikuwa na dumu la maziwa, limewekwa upande wa kivuli na kufunikwa jani la mgomba. Hilo lilimwambia Bibi kwamba Ngolo alipita. Ngolo alikuwa kaka yake Happy, mkwe wa Bibi, na kila alipokuja kutoka Ndalambo walikochungia ng'ombe alileta maziwa.

Habari ilikuwa imeshafika kwa mwenyekiti wa kitongoji. Kabla ya saa kumi na mbili alikuja na vijana wanne, Ngolo katikati yao, wakimshika mikono kana kwamba angeruka. Mwenyekiti alieleza kuwa mtu huyu alionekana getini saa tisa, peke yake, na kwamba watu wa kuhamahama na ng'ombe wanajulikana.

"Wanajulikana kwa nini?" Bibi aliuliza.



Ngolo aliamkia, akasema alifika mvua ikiwa inanyesha, akasimama chini ya paa la jikoni mpaka ikakatika, akaacha maziwa, akaondoka. Bibi alimuuliza kama ndiye aliyefunika kahawa.

"Nilikuta imefunikwa, Bibi. Mimi kahawa siijui. Ningeifunika ningeiharibu."

Bibi aliwaonyesha nyayo zake. Zilitoka getini zikafika chini ya paa, zikarudi getini. Hazikwenda popote pengine. Aliwaambia wamwachie mikono, akamkaribisha chai, na wale vijana akawakaribisha pia, maana nao walikuwa wamelowa.

Baada ya chai alizunguka kwa majirani kushukuru kwa ajili ya kahawa. Vwawa ni kawaida, mvua ikianza, yeyote anayepita hufunika kahawa ya mwenzake hata kama wamenuniana, na mwenye nyumba hupita kushukuru. Lakini hakumpata wa kumshukuru. Wote walikuwa msibani. Tukuswiga, jirani wa karibu, alifika mpaka kwenye kichanja akatazama. Mkeka wa matete ulikuwa umetangulia, turubai likafuata juu, na upande wa bondeni turubai lilikuwa limeinuliwa kwa vijiti viwili.

"Si mimi, shoga. Mimi hubana mawe pande zote kama watu wengine."

Tukuswiga alipoondoka, Bibi Ferista aliinua turubai akapapasa mkeka: ulikuwa mkavu. Kisha akaingia ndani, na kwenye karatasi yake hakuandika kitu.

Alibaki Nikodemo, mpangaji wa chumba cha pili. Alikuwa anasomea uzamili wa uchambuzi wa takwimu za uhasibu, na tangu Machi alikuwa akiitania kozi ya Ikupa, akiiita kozi ya leso, ya kufutana machozi. Alhamisi walikuwa wamegombana kweli. Ikupa alimtaja kwa shida, kwa sababu Nikodemo huyohuyo ndiye aliyekuwa akimpasulia Bibi kuni kila Ijumaa bila kuombwa.

Jumapili asubuhi, kabla ya kanisa, Bibi alimwita jikoni. Nikodemo alisema jana alikuwa darasani Tunduma tangu asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni. Yeye ni kiongozi wa darasa la mbinu za utafiti, linalowakusanya wanafunzi wa kozi zote, kwa hiyo angekosaje?

"Juzi miwani yako ilifungwa kwa uzi," Bibi alisema. "Leo ina skrubu mpya. Imetengenezwa darasani?"

Nikodemo aliivua miwani akaishika. Alikiri kwamba saa saba alivuka mpaka kwenda Nakonde kwa fundi, kwa sababu alikuwa haoni ubao, na akaona aibu kusema kiongozi wa darasa ametoroka. Alitoa risiti mfukoni. Ilipigwa saa nane kasoro dakika kumi na mbili.

Ikupa alihesabu haraka. Kutoka Nakonde saa hiyo, mtu angewahi kufika Vwawa kabla ya mvua, ingawa kwa shida. Alimwangalia Nikodemo kwa namna ambayo Bibi hakuipenda.

"Hiyo ni saa ya Zambia," Bibi alisema. "Wao wako nyuma yetu saa nzima. Huku kwetu ilikuwa saa tisa kasoro dakika kumi na mbili, na mvua ilikuwa imeshaanza hapa dakika tatu kabla. Mwombe radhi mwenzako."

Ikupa alimwomba radhi. Nikodemo naye akasema kozi ya leso hataisema tena, na Bibi alipenda alivyolisema hilo akiangalia chini.

Kisha Bibi aliuliza swali alilokuwa ameliweka tangu jana. Aliomba kuona karatasi ya mahudhurio. Nikodemo alikuwa ameipiga picha kwenye simu aliporudi darasani jioni. Aliikuza, akaanza kuisoma mwenyewe, akaisogeza karibu na miwani.

"Bibi, mwalimu wa mchana alichelewa. Angalia. Huyu ameandika saa nane na dakika saba, huyu na kumi na mbili, huyu na kumi na tano. Watu wa kweli hawafiki saa kamili. Ndicho tunachofundishwa, namba ya kutunga huja imenyooka mno." Aliweka kidole kwenye jina moja. "Huyu ameandika kuingia saa nane kamili, kutoka saa kumi na moja kamili, kwa kalamu ileile ya asubuhi. Alijaza siku nzima asubuhi, akaondoka."

Bibi hakuhitaji miwani kusoma jina la mwanawe.

Ezron alikuwa mtoto wake pekee, mwalimu wa shule ya msingi, na nyumba yake ilikuwa ya tatu kutoka pale. Alikuwa anasomea uzamili wa elimu. Tasnifu yake, ambayo angeitetea Jumatatu saa nane mchana mbele ya jopo lilelile, ilihusu kulea watoto shuleni bila viboko. Bibi alikuwa ameisoma yote, polepole, kwa miezi miwili, na mahali pengine alilia kwa furaha.

Hakwenda kanisani. Alikwenda nyumba ya tatu. Ezron alikuwa ameshatangulia kanisani, na alikuwa amewaambia watu mkewe ana homa. Happy alifungua mlango nusu. Jicho la kushoto lilikuwa limeziba.

Miezi mingi Bibi alikuwa amemwona mkwe huyu akivaa mikono mirefu hata jua likiwaka, akajiambia ni baridi ya milimani, watu wa Momba, kwao Ndalambo, hawaijazoea. Sasa alimshika mkono akapandisha ule mkono wa blauzi taratibu, akaona, akaushusha.

"Tangu lini, mwanangu?"

"Tangu mtoto hajatambaa, Mama."

"Na wewe ni namba ngapi kwenye daftari?"

"Saba."

Bibi alikaa kwenye kigoda. Jumapili iliyopita, chakula kikiwa mezani, yeye mwenyewe ndiye aliyemwambia Ezron kwa furaha kwamba Happy amepata rafiki, kwamba kila Jumatano wanakaa na Ikupa mchana mzima wanaongea, na siku hizi anacheka kidogo. Alidhani anampa mwanawe habari njema.

Saa nane mchana alimtuma Nikodemo amwite Ezron aje kusaidia kahawa, maana wingu lilikuwa limerudi. Ikupa alikuwa kibarazani. Happy, ambaye Bibi alikuwa amekuja naye, alikaa ndani ya jiko, Ngolo mlangoni pake. Ezron alikuja na shati la kanisani, akalikunja mikono, akafanya kazi kama alivyofundishwa na marehemu baba yake. Alitandaza mkeka wa matete. Akavuta turubai. Akatafuta vijiti viwili, akainua upande wa bondeni.

"Kwa nini huko unaacha wazi?" Bibi aliuliza.

"Mama naye. Ili ipumue. Si unakumbuka mwaka ule baba alibana mawe ikaoza yote?"

"Nakumbuka. Tangu hapo tunaofunika hivi Vwawa nzima ni watatu. Mmoja amekufa, na mimi jana saa tisa kasorobo nilikuwa makaburini."

Ezron aliendelea kushika kijiti.

Bibi alimweleza bila kupandisha sauti, kama alivyokuwa akisoma majalada. Sakafu kavu, kwa hiyo mwizi aliingia kabla ya mvua. Mkeka haukulowa, kwa hiyo alifunika kahawa matone ya kwanza yalipoanguka, wakati anatoka na daftari. Na karatasi ya mahudhurio ilikuwa na siku nzima ya mtu ambaye hakuwepo.

"Mwizi wa kupita angekimbia," alisema. "Wewe ulisimama ukafunika kahawa ya mama yako."

Ezron alijaribu kwanza kusema ni majirani. Kisha akasema Nikodemo anamwonea wivu. Kisha akaona mlango wa jiko, na Happy amesimama pale na jicho lake.

"Ningesimamaje mbele ya jopo?" alisema. "Asubuhi wanasoma habari zangu kwenye daftari la huyu, mchana wanisikilize nikisema habari za viboko? Miaka miwili nimeisotea hii, Mama. Na mwezi wa kwanza ningepewa shule ya kuongoza."

"Hakuna jina lako humo," Ikupa alisema. "Mume ni mwalimu, mke katoka Ndalambo, nilichoandika ni hicho tu. Jopo halikuhitaji ukurasa wa majina."

"Vwawa walimu wangapi wameoa Ndalambo?"

Ezron alimgeukia mama yake, na sauti yake ikawa ya kitoto kidogo.

"Kesho jioni ningelirudisha. Nilikwenda kulichukua tu lile. Hata kompyuta sikuigusa."

"Na Happy? Kwake ulichukua nini, jana jioni, ulipompiga jicho lile?"

Ezron aliweka kijiti chini.

Daftari lilikuwa kabatini, shuleni kwake. Nikodemo alikwenda naye kulichukua. Lilirudi pungufu ya kurasa sita, zote za namba saba, alizozichoma kwenye jiko la walimu. Ukurasa wa majina ulikuwepo. Ikupa aliukata, akauchoma yeye mwenyewe kwenye mafiga ya Bibi, akasema ataanza kuwazungukia wanawake kumi mmoja mmoja kuwaambia kwamba mtu amesoma. Wa kumi na mmoja alikuwa pale, akifunga nguo za mtoto kwenye kanga.

Ikupa alimwomba radhi. Happy alimsikiliza mpaka mwisho.

"Sina hasira na wewe, dada," alisema. "Ila sitakaa tena niseme."

Jumatatu saa mbili asubuhi, Bibi Ferista alikuwa dawati la jinsia, kituo cha polisi, pamoja na Happy na Ngolo. Baada ya hapo wawili hao wangepanda gari la kwenda Ndalambo na mtoto. Ikupa alikuwa ameshapanda la Tunduma na daftari lake pungufu. Happy alitoa maelezo kwa maneno machache. Bibi aliomba aandike ya kwake kwa mkono. Aliandika tarehe, mahali na saa, kama alivyowahi kuandika ya watu wengine kwa miaka thelathini na mmoja. Aliandika jicho na mikono. Aliandika kwamba yeye, mama mzazi, ndiye aliyemwambia mtuhumiwa mahali mkewe alikokuwa akipata faraja, na kwamba aliiona mikono mirefu akaiita baridi. Mwisho akaongeza mstari mmoja.

Askari, binti mdogo mwenye mwandiko mzuri, aliusoma akasita.

"Mama, hili la kwamba mvua ilipoanza alifunika kahawa yako. Kwenye kesi halina kazi. Tulifute?"

"Usilifute," Bibi alisema. "Ndilo lililomkamatisha. Na ni kweli."

Akatia sahihi, akaomba wino wa dole gumba pia, kwa hakika zaidi, ingawa alijua kuandika.